Mgeni wa karieri, jina lako nani analijua?

Usiku ule mvua ilinyesha mpaka asubuhi. Sisi wa sendika tuliamshwa saa kumi na mbili na nusu: mlima umeshuka juu ya mashimo mawili, watu wako chini. Tulipanda na beleshi na majembe kama kila mara, maana hapa kwetu wachimbaji wakifunikwa, wanaofukua ni wachimbaji wenzao. Mpaka jua kushuka tulikuwa tumetoa watu watano. Wawili walikuwa wangali wanapumua. Watatu tuliwalaza chini ya shitingi.

Wawili kati ya wale watatu, familia zao zilifika mbele ya giza. Wamama walilia, wajomba wakawabeba. Wa tatu alibaki peke yake. Tukauliza timu yake: "Huyu ni nani?" Wakajibu: "Ni Butembo." Tukauliza tena: "Butembo ni jina alipewa na baba yake, ao ni fasi anatoka?" Wakaangaliana. PDG wa shimo alifungua kayee yake ya malipo. Mule mulikuwa mumeandikwa: "Butembo, beleshi." Ni hayo tu. Telefone ya marehemu ilikuwa na kode, na hakuna aliyeijua. Karti ya kreseri hakuwa nayo. Na Butembo ni mji mkubwa. Hata ukisimama mu soko yao na kupaza sauti siku nzima, utaita jina gani?

Aliyetusaidia ni mama wa malewa, yule anayepika bugali na maharagi chini ya njia. Alikuja na ndoo bado mkononi, akainua shitingi kidogo, akasema: "Huyu ni mutoto wangu. Mama yake ninamujua kwa sauti." Kila mwisho wa juma kijana yule alikuwa anatuma feza nyumbani kwa telefone ya mama huyo, juu yake ilikuwa inakataa. Namba ilikuwa ingali mule. Tulipiga usiku ule ule. Njo tukajua kwamba hakuwa hata mtu wa Butembo. Alizaliwa mu kijiji kimoja cha Lubero, na Butembo alipita tu akitafuta njia ya huku.

Alikuwa amekaa mu kartiye yetu miezi minane. Alikula na sisi, alichimba na sisi, alicheza mpira na vijana wetu. Miezi minane, na jina lake lilikuwa ndani ya telefone ya mpishi tu. Ni juu ya jambo hili tunaandika leo: namna mgeni anavyokaa mu kartiye zetu za Masisi na Walikale, na kile ambacho sisi wenyeji na yeye tunapaswa kupeana.

Nani anaitwa mgeni

Mu Rubaya, ukisimama asubuhi kwenye njia inayopanda milimani, kuelekea Luwowo ao Gakombe, utasikia luga karibu zote za Kivu. Kuna wa Kalehe na wa Bukavu, kuna wa Rutshuru, wa Lubero, wa Goma, na wenyeji wa hapa Masisi wanaosema Kihunde ao Kinyarwanda. Kuna mwanafunzi aliyekosa feza ya shule, na kuna baba aliyekimbia vita na kuacha shamba la maharagi likiwa tayari kuvunwa. Upande wa Walikale ni vile vile: Wanyanga na Wakumu wako kwao, lakini mu karieri za ndani ya pori utakuta hata watu waliotoka Kisangani na Maniema wakiongea Kiswahili chao kilichochanganyika na Lingala.

Kwa sheria ya migodi ya 2002, iliyorekebishwa 2018, kuchimba kwa mikono kunaruhusiwa kwa Mkongomani mwenye umri mkubwa, aliye na karti na aliye ndani ya koperative. Sheria haiulizi kama ulizaliwa Masisi ao Shabunda. Lakini mu kartiye watu wanauliza, na haifai kukasirika. Mtu anayekodesha chumba karibu na binti zake ana haki ya kujua ni nani analala nyuma ya ubao.

Juma la kwanza

Kartiye ya wachimbaji inaogopesha kwa mtu ambaye hajawahi kukaa mule. Anafikiri ni fujo na pombe tu. Ukweli ni kwamba mchana iko kimya sana. Wanaume wako mlimani. Wamama wako mu soko, mu shamba, ao wanatwanga na kusafisha mchanga. Wanaobaki ni wazee, watoto wadogo, na wale waliochimba usiku. Hao wa usiku njo sababu ya ile kimya. Nyumba zetu ni za mbao na tole. Jirani akikohoa, unamsikia. Mtu aliyetoka shimoni saa kumi na mbili asubuhi hawezi kulala kama wewe unafungulia muziki saa mbili. Na akirudi shimoni bila usingizi, siku ile anaweza kukosea nguzo moja, na nguzo moja ikikosewa wenzake wanne wanakufa. Ndiyo maana kwetu kelele si jambo la adabu tu.

Kwa hiyo mgeni akifika, kuna mambo ambayo hakuna mtu atamwandikia, lakini kila mtu anamwangalia kama atayafanya.

La kwanza ni kwenda kwa shefu wa nyumba kumi mbele ya kufungua mzigo. Usiende peke yako; uende na bayeri wako ao na mtu wa timu. Tunamjua bayeri mmoja, mama mjane, ambaye ana vyumba vinne. Kijana akimletea garanti mkononi, yeye anaiweka kwanza juu ya meza bila kuihesabu. Anasema: "Feza yako nimeiona. Sasa uniambie, kama unagonjwa usiku, niitie nani?" Kijana akikosa jibu, mama anamrudishia feza yake mpaka atafute jibu. Watu wanamwona kuwa mkali. Lakini mu nyumba yake hakuna mtu aliyewahi kufa bila ndugu kujua.

La pili ni salamu. Mu mji kama Goma unaweza kupita watu mia bila kusema kitu. Hapa ukipita mbele ya mlango wa mtu mzima bila "jambo baba", "jambo mama", jioni jina lako jipya litakuwa "yule mwenye kiburi". Kama kijana wa hapa ni mkubwa kwako, umwite yaya. Ukijifunza salamu moja ya Kihunde ao ya Kinyarwanda, ao ya Kinyanga ukiwa Walikale, hata ukiitamka vibaya, watakucheka na kukupa kiti.

La tatu ni maji. Kwenye bomba, bidoni zinapangwa, na mpangilio ule una wenyewe. Wamama wanaoenda kupika wanatangulia, watoto wa shule wanafuata, na wewe kijana mwenye buti za matope unangoja. Hatuoshi buti wala mchanga juu ya fasi watu wanateka; tunashuka chini. Ugomvi mingi tulioitwa kuamua haukuwa wa koltani. Ulikuwa wa bidoni ya maji.

La nne ni salongo. Siku ya salongo, kartiye yote inatoka na majembe kuzibua mitaro na kutengeneza njia. Mgeni anafikiri kwamba anaweza kulipa mtu aende mu fasi yake. Anaweza, lakini ajue kwamba salongo njo siku ambayo watu wanakutazama uso na kujua namna unavyofanya kazi. Vijana wengi walipata shimo zuri kupitia salongo, juu PDG mmoja aliwaona wakichimba mtaro bila kulalamika.

La tano ni kilio. Mtu akifa mu avenyu, usiku ule usiende kulala kama hakuna kitu. Leta kuni, leta makala kidogo, ao kaa tu mu giza pamoja na wengine. Hata kama marehemu hukumjua. Siku yako ikifika, watakaokubeba ni wale uliokaa nao kwenye moto.

Na deni la malewa lilipwe siku ya kuuza mchanga, mbele ya Primus na mbele ya kasiksi. Mama wa malewa ana wafanyabiashara wake wa unga wanaomngoja. Zaidi ya hayo, umeona mwanzoni mwa maandiko haya kazi nyingine anayotufanyia.

Walikale: pori nayo ina mwenyewe

Yule anayetoka Masisi na kushuka Walikale anafikiri kwamba anaingia pori tupu. Huko ndiko wageni wengi wanaharibu. Kila mto mudogo una familia. Kila njia ya mitego ina mwindaji. Ule mti unaotaka kukata kwa kutegemeza shimo, kuna mzee ambaye baba yake aliweka mizinga ya nyuki juu yake. Mbele ya kuchimba, unaenda kwa mwenye udongo, unakaa chini, unakunywa kile anachokupa, unatoa kuku ao mbuzi, unasema jina la baba yako.

Wazee wa kazi yetu wanakumbuka Bisie. Miaka ya mwanzo ya 2000 kasiteriti ilionekana mule, na ndani ya muda mfupi maelfu ya watu wakajenga kambi ya miti na mabashi katikati ya pori. Ulikuwa unaacha barabara ya taifa namba 3 kwenye Ndjingala na kuingia kwa miguu, mwendo wa siku nzima na zaidi, na waliorudi walikuwa wamebeba kilo 50 mgongoni. Kule Kilambo ndege zilikuwa zinatua juu ya lami ya barabara kuchukua mizigo. Mu kambi ile karibu kila mtu alikuwa mgeni. Na mu kambi ambamo kila mtu ni mgeni, watu wanajuana kwa majina ya mchezo: Commando, Mzungu, Kisangani.

Septemba 2010 Raisi Joseph Kabila alifunga uchimbaji wa mikono mu Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Maniema. Ilifunguliwa tena Machi 2011. Miezi ile sita ilitufundisha. Wachimbaji waliokuwa wamekaa Walikale miaka minne ao mitano bila kujuana na mtu yeyote nje ya shimo, walifunga mzigo na kuondoka na njaa. Wale waliokuwa wamezoea kusalimia vijijini, waliobatizisha watoto wao na kusaidia kujenga shule, walipewa kipande cha shamba wakalima mihogo wakingoja. Leo Bisie ni mgodi mkubwa wa mashini, wa kampuni ya Alphamin, uliofunguliwa 2019, na kambi ya zamani haipo tena. Majirani wa vijijini wangali pale.

Neno "mgeni" likiharibika

Hatuwezi kuandika juu ya wageni mu Masisi na Walikale bila kusema jambo lingine, hata kama ni zito. Neno hili "mgeni" limewahi kuua.

Tangu 1937 mpaka 1955, serkali ya kikoloni ya Ubelgiji ilihamisha maelfu ya familia kutoka Rwanda na kuziweka Masisi, kwanza upande wa Gishari, juu ya kazi ya mashamba ya wazungu. Wajukuu wa wajukuu wa watu wale wamezaliwa hapa. Wenyeji nao walipoteza udongo na hakuna aliyewauliza. Mzungu alipanga, akaondoka, akatuachia hesabu. Machi 1993, mu soko la Ntoto, mu Walikale karibu na Masisi, watu walioenda kuuza na kununua waliuawa, na moto ule ukawaka mu Masisi yote. Maelfu ya watu walikufa. Sisi tulio na miaka arobaini na kitu tulikuwa watoto. Tunakumbuka majirani waliofichana ndani ya ghala la viazi, na tunakumbuka pia majirani wengine. Hatuandiki haya kwa kuhesabu nani alimfanyia nani. Tunayaandika juu vijana wa leo wanasema "rudini kwenu" kama mchezo, kwenye bomba la maji, bila kujua neno hilo liliwahi kufika wapi.

Na tazama mambo yanavyogeuka. Tarehe 30 Aprili 2024 Rubaya iliingia mu mikono ya M23. Machi 2025 vita ilifika mpaka Walikale-centre, na wakaaji wakaingia pori. Wenyeji waliokuwa wanauliza wengine "unatoka wapi?" wakawa wao wenyewe wanabisha hodi usiku kwa watu wasiowajua, watoto mgongoni, wakiomba fasi ya kulala. Mama mmoja wa Masisi alituambia: "Kule tulikimbilia, batu batatu tu balituuliza majina. Bengine balituita bakimbizi. Balituuliza kama tuko bangapi, basi." Mpaka leo anakumbuka wale watatu.

Hata mbali, mgeni anabisha hodi

Koltani yetu inafika mbali kuliko sisi. Tantali inayotoka ndani yake inatumika mu telefone na mashini, na nchi kama Japani zinatengeneza vitu hivyo. Tulipenda kujua namna mgeni anavyokaa kule. Mtu kutoka nje akipata nyumba Japani, ana siku 14 za kwenda kwenye ofisi ya mji kuandikisha fasi anakaa. Mu kartiye kuna siku ya kutupa takataka za kuungua, na siku nyingine ya chupa na mikebe. Ukichanganya, zinaachwa pale pale na majirani wote wanaona. Usiku hawapendi kelele. Na kuna desturi ya zamani: aliyehamia anabisha hodi kwa majirani wa pande zote na zawadi ndogo, kama taulo ao sabuni, anasema jina lake.

Tulicheka tuliposikia hivyo. Yule mama mjane wetu na vyumba vyake vinne angekaa vizuri sana Japani. Tofauti ni kwamba kule kuna ofisi. Hapa kwetu ofisi ni majirani.

Kile tunachoomba

Tulipotoa wazo la kuandika wageni wote mu kayee, wengine walikataa, na walikuwa na sababu. Kayee ya majina, wakati wa vita, inaweza kuanguka mu mikono mibaya. Kuna vijana wanaoficha jina la baba juu jina lile linaonyesha kabila, na kwenye barriere kabila linaweza kukuponza. Kuna pia mashefu wanaogeuza kila karatasi kuwa kodi. Tulikaa, tukabishana jioni tatu, na tukapatana hivi.

Kwa PDG wa mashimo: usiandike tu "Butembo, beleshi". Kwa kila mchimbaji chukua namba ya mtu mmoja wa kwao, na umuulize ni mama yake, ni mke wake ao ni nani. Hakuna haja ya kuandika kabila. Namba hizo uziweke kwako, si kwenye barriere.

Kwa shefu wa nyumba kumi: kumwandika mgeni kusiwe na bei. Ukimtoza, wa pili atapita usiku na hutamjua.

Kwa mchimbaji mwenyewe: kama unaogopa kutoa jina lako kwa wengi, toa kwa watu wawili. Mmoja wa shimoni, mmoja wa nje ya shimo, juu mlima ukishuka, yule wa shimoni anaweza kuwa chini pamoja na wewe. Bayeri, mama wa malewa, mchungaji, mwalimu, chagua unayemwamini.

Na kwa familia zinazosoma gazeti hili mbali na karieri: mtoto akipiga telefone, msimuulize feza tu. Mumuulize analala kwa nani, na mwombe namba ya bayeri wake. Mpigieni huyo bayeri siku moja, mumsalimie. Mtu aliyesalimiwa na mama yako hawezi kukuacha chini ya shitingi.

Yule kijana wa Lubero tulimzika hapa, maana njia ya kwao ilikuwa mbaya na mama yake hakuwa na uwezo wa kufika. Kartiye ilichanga sanduku. Mama wa malewa alifungua telefone yake, akaweka sauti juu, akaishika karibu na kaburi mpaka maombi yakaisha, ili mama mwenzake asikie. Juu ya msalaba tuliandika majina yake matatu, yote. Wa timu yake walikuja kuyasoma mmoja mmoja, kwa mara ya kwanza.

Deni lake la maharagi mama alilifuta. Lakini tangu siku ile, mteja mpya akikaa kwenye benchi yake, hampi sahani kwanza. Anamuuliza: "Mama yako anaitwa nani, na anapatikana kwa namba gani?" Vijana wananung'unika kwamba bugali inapoa. Yeye anangoja na kalamu.